Jina Refu Mno

Kwanza sauti ya feni: kompyuta inahema
kama mtu aliyepanda kilima cha Bunyore na gunia la mawe.
Kisha ule mstari wa diski, uliozoea kuwa buluu, umekuwa mwekundu.
Zimebaki megabaiti mia mbili na kumi,
nami kesho nina mazishi mawili.

Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Luanda,
kati ya fundi viatu na wauza omena.
Nachapa risala, napiga picha, narekodi vilio.
Miaka tisa ya wafu wamelala humu
kwa folda, kwa mwezi, kwa ukoo.

Nikasema: leo nafagia.
Vikaanza kutoka vitu vya aibu:
risala_mwisho,
risala_mwisho_kabisa,
risala_mwisho_shangazi_amesahihisha,
na marehemu yule yule mmoja
amefariki mara nne, tarehe tofauti.
Pipa la taka nalo limeshiba. Miaka yote nafuta,
sikuwahi kulimwaga.
Nikalimwaga. Gigabaiti kumi na moja.
Feni ikashusha pumzi.

Lakini uzito uko kwa video,
na video nilishazikabidhi wingu,
wingu ninalolilipia kila mwezi kwa simu
pesa ambazo hata mume wangu hazijui.
Kumbe wingu halijapokea kitu tangu Machi.
Vile vishale viwili pembeni mwa skrini
vinafukuzana, vinafukuzana,
kama kuku na kivuli chake.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.
Anyanzwa, kijana anayenishikia kamera, akanidaka mkono:
"Mama Asiko, hiki ni kioo.
Ukijinyoa huku, na yule wa kule amenyolewa."

Basi tukajaribu yote.
Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Nikanunua bando ya saa moja, nikaiweka modemu dirishani
iutazame mnara wa Maseno.
Saa tisa stima ikaenda. Stima ikarudi.
Na wingu la kweli, lile la kutoka ziwani,
likapakua mzigo wake wote juu ya mabati
bila kuniuliza nywila.

Ndipo Anyanzwa akabonyeza palipoandikwa hitilafu,
pale ambapo mimi huwa sibonyezi.
Faili moja. Moja tu imeziba mlango,
mia tatu zimepanga foleni nyuma yake:
*Jina refu mno.*

Nikalisoma. Nililiandika mwenyewe,
mjane amenisimamia begani:
Mazishi ya Mwalimu Mstaafu Zablon Okwemba Mwana wa Andayi Mzee wa Kanisa Mweka Hazina wa Chama cha Maji Baba wa Tisa Babu wa Thelathini na Mmoja Aliyependa Haki.
Alisema, usiache hata kimoja.

Nikampigia. Rispa akanyamaza.
Nikasikia kuku, nikasikia kifuniko cha sufuria.
"Punguza," akasema. "Anza na hao wa maji.
Hata shada hawakuleta."

Nikakata hazina. Nikakata kanisa.
Nikakata wajukuu, nikiwaomba radhi kimoyomoyo,
hadi akabaki Okwemba peke yake, mfupi, kama alivyozaliwa.
Vishale vikasita.
Mia tatu. Mia mbili tisini na tisa.

Saa nne usiku, tiki ya kijani hadi chini.
Sikufuta. Nilichagua kutoa nafasi:
hapa linabaki jina, na kiwingu cheupe ubavuni;
mwili wenyewe uko huko uliko.
Ukimtaka unamwita, unangoja.

Mstari ukarudi buluu. Nikafunika kompyuta,
nikachomeka betri za kesho.
Simu ikatetema. Rispa:
"Lakini Aliyependa Haki, hiyo umeiacha?"

Sikuwa nimeiacha.
Nikafunua kompyuta tena.